Matumbo Mawili ya Fundi

Niliwahi kuamini kwamba Mchina ana matumbo mawili. Sisemi kwamba nilisikia habari hiyo nikacheka, hapana. Niliiamini kama ninavyoamini kwamba maji ya ziwa Kivu yanalowesha. Tumbo la kwanza, kubwa, ni la chakula cha kwao. La pili ni dogo, kama ngumi ya mtoto, na kazi yake ni kupokea chakula cha wageni. Akisafiri, Mchina analitumia hilo dogo, nalo linavumilia siku arobaini. Siku ya arobaini na moja limejaa, linajifunga, na hakuna kijiko cha kulifungua mpaka lile kubwa liamshwe kwa chakula halisi cha Kichina. Ndiyo maana, tuliambiwa, hawasafiri bila katoni za chakula.

Aliyetuambia ni shofere mmoja wa lori aliyewahi kubeba Wachina wa barabara. Alituambia Bugarama, kwenye kinu cha mpunga tulikofanya kazi, wakati wa mapumziko, joto likiwa la kuyeyusha misumari. Watu wazima kumi na wawili tulimsikiliza na kutikisa vichwa. Mmoja tu alithubutu kuuliza:

"Wewe uliyaona hayo matumbo?"

"Na wewe, la kwako ulilionaka?" shofere akamjibu, na hoja ikafungwa.

Aliyepaswa kubisha ni mimi. Pale kinuni ndimi niliyekuwa msomi. Nilimaliza shule ya jioni Kamembe nikiwa na miaka thelathini na saba, baada ya miaka minne ya kutembea kutoka Gihundwe kila siku nikitoka kazini, nikisoma biolojia chini ya balbu moja iliyowahudumia wanafunzi sitini na nondo milioni mbili. Siku niliyopewa cheti niliwasalimia watu wote wa Kamembe kwa mkono, na waliobaki niliwapungia. Badala ya kubisha, basi, niliisaidia ile habari.

"Haina ajabu," nikasema. "Ng'ombe ana matumbo manne. Iko kwenye biolojia."

Kuanzia hapo haikuwa tena hadithi ya shofere. Ikawa sayansi. Ningeiamini peke yangu nyumbani kwangu, isingemdhuru mtu. Lakini wiki ileile alifika Mchina, na nikakabidhiwa mimi.

Alikuja peke yake kufunga mashine mpya ya kukoboa mpunga. Waliouza mashine walimtuma yeye, sanduku la vifaa na katoni moja ya chakula. Mwenye kinu, ambaye anaishi Kigali na sisi tunamwona mara chache kama kupatwa kwa jua, alinipigia simu. "Wewe umesoma," akasema. "Utakuwa mdomo wake na masikio yake. Yeye aangalie mashine izunguke, wewe uangalie yeye azunguke."

Tulimwita Fundi. Alikuwa na miaka kama hamsini na mitano, mwembamba, mwenye vidole vya mtu aliyeanza kukaza boliti kabla hajaota meno. Nilimkaribisha kwa Kiingereza changu chote cha shule ya jioni. Kilinichukua dakika mbili kukimaliza, na kilipokwisha nikagundua kwamba yeye hakuwa nacho hata kidogo. Akatoa simu, akaiambia maneno kwa lugha yake, na simu ikasema kwa sauti ya mwanamke: "Habari za mchana. Nimefurahi kufika katika eneo lenu. Ningependa kuiona mashine."

Maman aliyetupikia pale kinuni akaacha mwiko ndani ya sufuria. "Eeeh! Huyu anasema sawa redio!"

Kweli, sisi sote pale, waliozaliwa Bukavu na waliorudi kutoka Kongo, Kiswahili chetu kimevunjika vunjika kama matofali ya Nzahaha yaliyonyeshewa. Fundi peke yake ndiye aliyezungumza Kiswahili cha taarifa ya habari. Na mimi nilimjibu kwa kuielekezea simu mdomo, polepole, kama mtu anayelisha mtoto.

Maman nimtambulishe vizuri. Alikuwa mjane kutoka Bukavu, mnene wa sauti, na kila aliyefanya kazi kinuni aliishi kwa mkono wake. Mimi aliniita Diplome, yaani Cheti, na haikuwa sifa. "Diplome, sukuma kuni." "Diplome, biolojia inasema nini juu ya kuosha sahani?" Nilimpenda, na nilikuwa nimezoea kutomsikiliza.

Mwezi wa kwanza Fundi alikula kila kitu: sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sombe ya majani ya mihogo, mchicha wa lengalenga, wali wa Bugarama. Juu ya kila sahani aliweka kijiko cha pilipili nyekundu iliyoelea kwenye mafuta, kutoka kwenye chupa za katoni yake. Ilikuwa kali kiasi kwamba ukiipita tu, pua inaomba ruhusa ya kutoka. Alikuwa pia na pakiti za vidonge vya maumivu ya mgongo, akivimeza asubuhi na mchana kabla ya kujilaza chini ya mashine kufanya kazi. Niliviona. Nilidhani ni vitamini zao.

Alinifundisha kazi. Aliweka ncha ya bisibisi juu ya beringi inayozunguka na mpini sikioni, akafumba macho na kusikiliza. Kisha alinipa mimi bisibisi. Beringi nzima inavuma kama mtu anayeimba mdomo umefumbwa. Mbovu inakohoa. Nilifurahi sana siku niliyoisikia ikikohoa kwa mara ya kwanza, nikamkumbatia, na yeye akasimama ameganda kama nguzo mpaka nilipomwachia. Kisha akacheka. Naandika hili kwa sababu sikuwa adui yake. Nilimpenda yule mtu.

Na nilihesabu siku zake. Nyuma ya mlango wa stoo nilichora mistari kwa chaki, mmoja kila asubuhi, na wenzangu walikuwa wakiniuliza kwa kunong'ona: "Ngapi?" "Ishirini na sita." "Na katoni?" "Inaisha."

Katoni iliisha. Siku chache baadaye Fundi alianza kurudisha sahani zikiwa na chakula. Kwanza nusu, kisha karibu yote. Alikaa amejikunja, mkono mmoja umekandamiza chini ya mbavu. Suruali yake aliikaza kwa waya. Nilikwenda nyuma ya mlango nikahesabu, na mistari ilikuwa thelathini na minane. Niseme ukweli wote: nilisikia raha. Kitu nilichokisema mbele ya watu kilikuwa kinatokea mbele ya watu.

Maman alikuja na sahani iliyorudi, akaiweka mbele yangu juu ya gunia.

"Huyu muntu anagonjwa."

"Hagonjwi, Maman. Ni lile tumbo la pili limejaa."

"Tumbo la pili la nani?"

"La Wachina. Uliza wote hapa."

Wenzangu wakaitikia. Mmoja akamweleza habari ya siku arobaini, mwingine akaongeza ng'ombe. Maman alituangalia mmoja mmoja kama mtu anayetafuta mwizi.

"Mimi nilizaaka batoto saba," akasema. "Matumbo ninayajua kukupita, Diplome. Bwana yangu, mbele ya kufa, alikuwa anaikala vile vile, na mukono pale pale. Mupeleke ku hospitali."

"Maman, wewe na hospitali! Mtu akipiga chafya, hospitali."

Tulicheka. Alichukua sahani yake akaenda. Kesho yake alimpikia Fundi uji mwepesi, akampelekea mwenyewe na kusimama mpaka kikombe kikaisha. Fundi aliunywa wote. Mimi nilieleza kwamba uji ni maji, na maji hayahesabiwi.

Siku mbili baada ya hapo Fundi alinifuata mwenyewe, ameshika simu kwa mikono miwili. Simu ikasema: "Tumbo langu linauma tangu wiki iliyopita. Leo asubuhi nimetapika. Naomba unielekeze kwa daktari."

Ninayakumbuka maneno niliyoyajibu kwa sababu niliyapanga vizuri, ili simu isikosee. Nilisema: "Madaktari wa hapa hawajui tumbo lenu. Usiwe na wasiwasi. Dawa yake ninaijua. Nitakutafutia chakula kizuri cha kwenu."

Simu ikamgeuzia kwa lugha yake. Tujiweke mahali pake: hakujua barabara, hakujua hospitali iko upande gani, hakujua neno la kumwambia mtu wa pikipiki. Mtu pekee aliyeweza kumfikisha kwa daktari alikuwa anamwambia, kwa uso wa furaha, kwamba hakuna haja. Na mashine ilikuwa imebakiza siku chache iwashwe. Akaweka mkono begani kwangu. "Asante," simu ikasema. "Wewe ni mwenyeji mwema."

Tulianzia Kamembe, mimi na yeye, kwa pikapu ya kinu. Nilijua hoteli moja ambayo orodha yake ya chakula ina wali wa Kikantoni, yaani wa Kichina, ukurasa wa mwisho, baada ya spageti. Ulikuja mlima mzima: wali, njegere, soseji zilizokatwa kama sarafu, yai, na mchuzi mweusi uliomwagwa kama oili chafu. Fundi aliuangalia kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mama wa mtu mwingine na kuambiwa ni wake. Lakini mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, ninasindikiza kila kijiko kwa macho, na kwa heshima alikula vijiko sita. Nilivihesabu hivyo pia.

Tulipokuwa tukiteremka kurudi Bugarama, pale Nzahaha, aliomba nisimame. Alitapika kando ya shamba la mihogo, ameshika mti wa uzio, mgongo unatetemeka. Nilimshika paji la uso. Na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri: hakikuwa halisi. Tumbo kubwa halidanganyiki.

Ndipo nikaamua kwenda nje ya nchi.

Nje ya nchi ni neno kubwa, ni Bukavu tu, upande wa Kongo. Unateremka mpaka Cyangugu, unaonyesha jeto, kile kikaratasi cha kuvukia, unatembea juu ya daraja katikati ya akina mama wenye mabeseni ya nyanya na ndoo za maziwa, na uko ng'ambo. Lakini nilivaa koti la harusi yangu na nilihisi kama balozi. Nilikuwa nimesikia kwamba Nguba, kwenye mteremko, kuna mpishi aliyewapikia Wachina miaka sita kwenye kambi ya barabara huko ndani ya mkoa wa Kivu. Nilimkuta amekaa mlangoni pa mgahawa wake wa meza tatu, anamenya vitunguu saumu, kofia ya sufu kichwani pamoja na jua lote lile.

"Ninatafuta chakula cha Kichina," nikamwambia. "Kizuri. Halisi."

"Cha fasi gani?"

"Cha China."

Akaacha kumenya. "Papa, muntu akikuja hapa aseme anataka chakula cha Kongo, nimupe nini? Bakwetu banakula bugali, bengine banakula kwanga, bengine ndizi. China iko kubwa kupita. Ule Muchina wako anakula muchele ao anakula mukate?"

"Mchina anakula wali. Huyu hata mashine anayofunga ni ya wali."

"Na ule fundi mwenye kushona viatu vya bamaman, anavivalaka?"

Wateja wawili walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nilimwandikia Fundi ujumbe, na jibu likaja katika kile Kiswahili chake cha redio: "Kwetu ni kaskazini. Tunakula unga wa ngano. Siku za sikukuu mama yangu alitengeneza vifuko vya unga vyenye nyama na kabichi, vinachemshwa. Usisumbuke sana."

Nilimsomea mpishi. "Nilijua," akasema. "Bale ba kaskazini, bila unga habalale."

Alikanda unga pale pale, akausukuma kwa chupa tupu ya bia, akakata vipande vya mviringo vyembamba kama sikio. Nyama ya nguruwe, kabichi, tangawizi, kitunguu. Alijaza, akakunja, akabana kingo kwa vidole haraka kuliko macho yangu. Ulikuwa ufundi, na nilimwambia hivyo. Alinieleza jinsi ya kuvichemsha: maji yakipanda umwagie baridi, mara tatu, vikielea vimeiva. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza:

"Juu ya nini hapiki mwenyewe? Bale bangu balikuwa banapika sana siku ya mapumuziko."

"Hawezi kusimama muda mrefu."

"Anagonjwa?"

"Hapana. Ni kukosa chakula cha kwao tu."

Mikono ikasimama. "Bale nilipikiaka, wakati banagonjwa, habakuulizaka hivi. Banauliza uji. Uji mweupe wa muchele, bila chumvi, bila pilipili."

"Si mgonjwa," nikasema.

Akatikisa mabega. "Ni weye unamujua." Akaendelea kukunja, akafika sitini, na akanitilia chupa ya pilipili ya mafuta aliyoikaanga mwenyewe, kwa sababu nilimwambia Fundi anaipenda.

Nilifika darajani jioni jua likiwa bado liko, na mtu wa forodha upande wetu akafungua mzigo. Mpishi alikuwa ameviweka vifuko ndani ya mifuko ya plastiki, na mimi, mtu wa huku, kwa furaha yangu nilisahau kwamba plastiki haivuki, kwetu mifuko hiyo imepigwa marufuku.

"Hii ni nini?"

"Chakula cha Kichina."

"Kinatoka wapi?"

"Kongo."

"Mchina mwenyewe yuko wapi?"

"Bugarama."

Alimwita mwenzake aje asikie. Kisha akasema chakula kinapita ila plastiki inabaki, nikasimama pale na vifuko sitini vya unga mbichi bila mahali pa kuviweka. Mama mmoja aliyekuwa amemaliza kuuza alinisukumia beseni lake. "Weka humu, Papa, utanirudishia kesho. Ni vya mugonjwa?" Nikasema ndiyo, kwa sababu kwa mgonjwa watu hupisha haraka. Ndiyo mara pekee nilipomwita mgonjwa, na nilidhani ninadanganya.

Kesho yake mchana nilivichemsha mwenyewe, mara tatu maji baridi, Maman amekunja mikono anaangalia. Fundi alikaa mbele ya sahani. Alichovya cha kwanza kwenye pilipili, akatafuna, na machozi yakamtoka. Alikula kumi na kimoja. Simu ikasema: "Ni kama cha nyumbani." Nilipiga kelele mpaka njiwa wa kinu wakaruka, nadhani walifika Burundi. Wenzangu walipiga makofi na makopo. Shofere wa lori angekuwepo tungembeba juu juu.

Maman alibaki mlangoni. Nilipopita karibu yake akasema kwa sauti ya chini:

"Anakula juu yako, Diplome, akufurahishe. Angalia mukono."

Niliangalia. Mkono wa kulia ulikuwa unachovya. Wa kushoto ulikuwa chini ya meza, ngumi imezama chini ya mbavu, na jasho lilikuwa linamtoka nyuma ya masikio. Niliuona vizuri kama ninavyoiona karatasi hii. Nikaenda nyuma ya mlango wa stoo, nikafuta mistari yote ya chaki, nikachora mmoja.

Siku mbili alikula vile vifuko asubuhi, mchana na jioni, na pilipili, na vidonge vyake vya mgongo, kwa sababu kila mara nilikaa mbele yake nikitabasamu. Siku mbili alifanya kazi. Siku ya tatu, asubuhi, aliwasha mashine. Mpunga ulimiminika juu ukatoka mchele chini, mweupe, na watu wakaushika kwa viganja. Fundi aliweka bisibisi kwenye beringi ya kwanza, akasikiliza. Akaweka kwenye ya pili. Kisha bisibisi ikaanguka, na yeye akaifuata taratibu, magoti, kisha bega, kama mtu anayelala.

Nilimgusa tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao.

Tulimpakia nyuma ya pikapu juu ya magunia, kichwa chake mapajani kwangu, miguu yake kwa Maman. Kutoka Bugarama kwenda Kamembe ni kupanda tu, na barabara hiyo ninayoisifu kila siku, siku hiyo ilikuwa na mashimo ambayo sikuwahi kuyajua. Katika kila shimo alitoa sauti ndogo. Alisema pia maneno, mengi, akinitazama machoni. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Ningeweza kuitoa. Sikuitoa, kwa sababu niliogopa itakachosema, na mpaka leo hakuna anayejua aliniambia nini.

Hospitalini wakamchukua mbio. Muuguzi akauliza: "Murwaza wake ni nani?" Kwetu mgonjwa halali peke yake, lazima awe na murwaza wa kumuuguza, wa kumpikia na kumfulia, na asiye naye hata wagonjwa wengine wanamwonea huruma.

"Ni mimi."

"Wewe ni ndugu yake?"

"Ndiyo."

Alimwangalia Fundi, akaniangalia mimi, akaandika.

Walimpasua siku hiyohiyo. Baadaye nilimwona kupitia mlango, mipira puani, uso wa rangi ya majivu. Nilikaa koridoni na warwaza wengine, kila mmoja na sufuria yake miguuni. Na mimi nilikuwa na yangu. Vifuko kumi na vinne vilivyobaki nilirudi kuvichukua kinuni, Maman alikuwa amenikataza, nikavichemsha kwa jirani nikavileta. Warwaza wana swali lao moja tu, ndilo salamu yao: "Wako anakula?" Anayejibu ndiyo anaketi wima. "Atakula," nilijibu. Muuguzi aliniambia mara tatu kwamba mgonjwa haruhusiwi hata tone la maji, na mara tatu nilimwomba aingize kimoja tu, kilainishwe. Nilimwambia hajui tumbo la watu hawa.

Sufuria za wenzangu zilirudi tupu. Yangu niliipasha moto siku ya kwanza na siku ya pili.

Siku ya tatu alasiri walituita, mimi na Maman. Fundi alikuwa amefunikwa mpaka kidevuni na mipira imetolewa. Maman aliomba maji, akamfuta uso, shingo na vile vidole, kimoja kimoja, akitoa grisi iliyobaki kwenye kucha. Nilimngojea anitukane, ningefurahi, lakini alimaliza, akakamua kitambaa, akatoka nje na sufuria yangu, na nilimsikia akiimwaga.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri, macho mekundu kwa uchovu, aliyesomea Bukavu na kujua Kiswahili chetu. Alinikalisha kwenye benchi akaniuliza ilianza lini. Nilimweleza yote kwa mpangilio: katoni, siku thelathini na nane, siku aliyoomba daktari na nilivyomjibu, wali wa Kikantoni, daraja, vifuko, pilipili, na vile vidonge vyake. Nilimweleza na matumbo mawili, dogo na kubwa, lakini sauti yangu ilikuwa inapungua, na nilipofika kwa ng'ombe ikaisha kabisa. Hakucheka.

"Papa," akasema, "mtu ana tumbo moja. Mchina, Mnyarwanda, Mushi wa Bukavu, wote lile moja. La kwake nimelifungua mimi mwenyewe. Lilikuwa na kidonda, kile kinachochimbwa na vidonge vya maumivu kama hivyo vyake, na kidonda kikalitoboa. Kila wiki tunapokea watu wenye kidonda kama hicho hapa, tunawapa dawa wanarudi nyumbani. Ungemleta siku ile alipokuomba, angepona."